Rehani Kinuni



Wasomaji watukufu, hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio wenyeji wa ukurasa huu, wiki hii sitaandika juu ya mirathi wala eda. Nitaandika juu ya chakula, tena chakula cha kigeni: makaroni yaliyochanganywa na mboga zilizookwa pamoja na rehani iliyotwangwa, kitoweo ambacho Wataliani hukiita pesto. Najua wapo watakaokunja uso kwa kusikia kuwa rehani imeingia chunguni. Nawaomba subira, tutafika huko, na hata hukumu yake tutaitazama.

Naandika kutoka Pioneer, mtaa wa Eldoret ulio jirani na Langas, ambako huu ni mwaka wa 19 tangu tuhamie kutoka pwani kwa ajili ya kusomesha. Mtu wa Mombasa akija huku huulizia blanketi kabla ya kuulizia kibla. Mji uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka kuelekea Moiben utaona mashamba ya ngano yaendayo hadi upeo wa macho. Ngano tunaiona ikimea, ikivunwa na ikibebwa kwa malori. Hata hivyo tambi nzuri hutakiwa ngano ngumu ya aina nyingine, yenye kuelekea manjano, na pakiti ninazonunua mimi aghalabu zimeandikwa Italia, Uturuki au Misri.

Kwetu sisi watu wa pwani, tambi ni tamu. Tambi nyembamba hukaangwa mpaka zikawa rangi ya dhahabu, zikatiwa maji, sukari, iliki na zabibu kavu, wengine wakaongeza tui, zikaliwa katika futari ya Ramadhani au asubuhi ya Idi. Tambi za chumvi tulizijua kwa majirani zetu Wasomali, wazipikao kwa mchuzi wa nyama na kuzila pamoja na ndizi mbivu. Wao huziita baasto, na mchuzi wake huuita suugo, maneno yaliyotoka kwa Wataliani waliotawala kusini mwa Somalia mpaka 1941, kisha wakarejea kuisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1950 hadi uhuru wa 1960. Malindi nako Wataliani wamekaa miaka mingi, na utawasikia vijana wa ufuoni wakizungumza Kitaliano kama waliozaliwa nacho. Kwa hiyo chakula hiki kilikuwa kikitupitia mlangoni muda mrefu kabla hakijaingia kwangu.

Kilivyoingia ni hivi. Mwaka jana, siku chache baada ya Idi ya Mfunguo Tatu, mama watoto alipatwa na kiharusi. Alhamdulillah, hakikuwa kile cha kumlaza mtu moja kwa moja, lakini kiliuchukua mkono wake wa kulia na kikamwachia mdomo uliopinda kidogo upande mmoja. Alilazwa siku 8. Siku ya kuruhusiwa, daktari alitupa maagizo: chumvi ipunguzwe, sukari ipunguzwe, mafuta mazito yapunguzwe, mboga ziongezwe, na vidonge vya presha visikosekane hata siku moja.

Mke wangu ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa. Wanaomjua wanajua mkono wake. Ulikuwa ukikadiria iliki bila kijiko, ukilijua tui kwa kuligusa, ukikata biriani ya watu 60 pasi na kuandika kitu. Mkono huo sasa ulikuwa umelala juu ya kanga kama kitu cha mtu mwingine. Tulipomletea vyakula vya maagizo ya daktari, mchicha wa kuchemsha na samaki asiye na chumvi, alivitazama, akavisogeza kwa mkono wa kushoto, akasema, "Bwana, sina hamu." Akasema hivyo kesho yake na kesho kutwa. Kwa muda wa wiki 5 hivi alikuwa akinywa uji na kula vijiko viwili vitatu vya supu, kwa kuturidhisha sisi tu. Bangili zake zikaanza kuteleza hadi karibu na kiwiko. Mgonjwa wa namna hiyo asipokula, nguvu za kufanya mazoezi hazipati, na asipofanya mazoezi mkono haurudi. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

Kupika mimi najua. Tuliosoma vyuoni Lamu wakati wetu tulipikiana kwa zamu, na mwanafunzi aliyeunguza maharagwe alioshwa kwa maneno mpaka Ijumaa. Lakini nilijua kupika chakula cha kushibisha vijana 12, si chakula cha kumrudishia hamu mtu aliyeshiba huzuni.

Binti yetu wa tatu, anayesoma Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses, alikuja likizo akiwa na mche wa rehani ndani ya kopo la rangi lililotobolewa chini. Mwenzake wa chumbani alikuwa amemfundisha pishi fulani. Aliniambia, "Baba, leo niachie jiko mimi." Nikamwachia, nikakaa sebuleni kusahihisha madaftari. Baada ya saa moja hivi ikaja harufu ya mboga zilizoanza kuungua pembeni, na nyuma yake, mchi ulipoanza kugonga, ikaja harufu ya rehani. Mama yake, aliyekuwa amelala chumba cha ndani mlango ukiwa wazi, akauliza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Idi: "Nani anaolewa?"

Mwanamke yeyote wa pwani ameelewa swali hilo. Kwetu rehani ni ya kikuba, pamoja na asumini na mkadi. Ni ya nywele za bibi harusi na ya kitanda chake. Basi akaletewa sahani ndogo. Alikula kwa mkono wa kushoto, kwa uma, polepole, akamaliza, akaomba nyongeza ya mboga. Sisemi kuwa rehani ilimponya. Anayeponya ni Mwenyezi Mungu, na vidonge ni sababu, na mazoezi ni sababu. Nasema tu kwamba siku ile alikula, na kwamba siku iliyofuata alipoulizwa atakula nini, alijibu.

Sasa tuje kwenye kukunja uso. Dada yake mkubwa alipanda kutoka Mombasa kuja kumjulia hali, akakaa nasi wiki 2. Alipoona majani yale yanatiwa kinuni aliniuliza, "Shemeji, leo mwatulisha majani ya kaburini?" Kwani rehani kwetu ina upande wa pili: ndiyo tunayoiweka juu ya makaburi ya wazee wetu tunapokwenda kuzuru. Kabla sijafungua kinywa, mgonjwa akamjibu mwenyewe: "Walio kaburini hawali, dada. Mimi niko hai, nipakulie." Kuhusu hali za watu wa makaburini nilinyamaza, haukuwa wakati wa darasa la itikadi. Shemeji alikula mboga, akaisukuma rehani pembeni ya sahani, na mpaka leo msimamo wake ni huo huo. Sina neno naye. Harufu za utotoni haziondolewi kwa hoja.

Lakini kwa wanaouliza hukumu, nasema hivi. Asili ya vyakula vya mimea ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuzuia, kama vile sumu au ulevi, na desturi ya kuutumia mmea kwa manukato haiuondolei uhalali wa kuliwa. Rehani imetajwa katika Qur'ani mara mbili, katika Surat Ar-Rahman na Surat Al-Waqi'a, na wafasiri wana maneno mazuri hapo: wako waliosema ni kila mmea wenye harufu njema, na wako waliosema kuwa maana yake ni riziki. Na katika Sahih ya Imamu Muslim imekuja kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alitufunza kuwa anayepewa rehani asiirudishe, kwa kuwa ni nyepesi kuichukua na harufu yake ni nzuri. Hadithi hiyo inahusu kupewa zawadi, siyo kula. Sitaki mtu aseme sheikh wa Eldoret amegeuza makaroni kuwa sunna.

Mnapotafuta mmea, angalieni mnapata upi. Mrehani wetu wa pwani wenye majani madogo una harufu kali, unafaa lakini utieni kwa kiasi. Wanaotumia Wataliani ni ndugu yake mwenye majani makubwa, laini, yaliyobinuka kama kijiko, na huku kwetu hupatikana kwa wauza miche. Kivumbasi, ambacho bibi zetu walikiweka madirishani kufukuza mbu, kiacheni kazi yake hiyo hiyo, ni kichungu. Baridi ya Eldoret mrehani hauipendi kabisa. Mwezi wa Julai majani hufanya madoa meusi, na ndiyo maana makopo yetu yako ndani, dirishani panapoingia jua la asubuhi. Kata vichwa kabla havijatoa maua, mche utapanuka na majani hayatakuwa makali.

Neno pesto lenyewe kwa Kitaliano linatokana na kutwanga. Pishi hilo ni la mji wa Genoa, mji wa bandari kama Mombasa, na kitabu cha mapishi cha mji huo cha 1863 tayari kinalieleza. Hutwangwa katika kinu cha jiwe kwa mchi wa mti: rehani, kitunguu thomu, chumvi, jibini, mafuta ya zeituni, na mbegu za msonobari. Mbegu hizo bei yake haisemeki. Sisi tuna korosho za Kilifi na Kwale, nazo zinafanya kazi hiyo vizuri, tena kwa ulaini zaidi.

Na tambi je? Watu husimulia kuwa Marco Polo ndiye aliyezileta Italia kutoka Uchina aliporudi mwaka 1295. Hadithi hiyo haisimami. Mwaka 1154 Sharif al-Idrisi, mwanachuoni wa jiografia aliyefanya kazi katika jumba la mfalme Roger wa Sicily, alikamilisha kitabu chake, na humo akaeleza kijiji cha Trabia karibu na Palermo, ambako zilitengenezwa tambi nyingi kwa jina la Kiarabu la itriyya na kupakiwa merikebuni kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Huo ni zaidi ya karne moja kabla ya Marco Polo kurejea. Kusini mwa Italia bado kuna tambi ziitwazo tria. Na al-Idrisi huyo huyo, katika kitabu hicho hicho, ndiye aliyeandika habari za Malindi na machimbo yake ya chuma. Nilipomsomea mama watoto habari hiyo alisema, "Basi ni zetu, zilikwenda kutembea."

Haya, jiko. Kwa watu 6 chukua makaroni gramu 500. Mboga: biringani 2, pilipili hoho 2 au 3, na zikiwa nyekundu ni bora kwa sababu zina utamu wake; mumunye changa 2, zile nyembamba za kijani; vitunguu maji 2; na nyanya ndogo kiasi cha viganja viwili. Kata vipande vya kadiri ya pingili ya kidole gumba. Vipake mafuta vijiko 3 vikubwa, chumvi kidogo sana na pilipili manga. Kwa kuoka hutumia mafuta ya alizeti, kwani zeituni ni ghali na moto wa oveni huimalizia harufu. Zeituni naiweka kwa ajili ya rehani.

Tandaza mboga kwenye sinia zisikae juu ya juu. Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Mboga zikibanana hutoa maji, zikachemka badala ya kuokeka, ukapata mchuzi wa biringani ambao si kitu kibaya ila sio hiki. Kama sinia ni ndogo, oka mara mbili. Oveni iwe nyuzi 200, dakika 35 hadi 40, ugeuze mara moja katikati, mpaka kingo ziwe na weusi kidogo. Nyanya ziingie katika dakika 15 za mwisho. Asiye na oveni asikate tamaa, kwani mama zetu walioka mkate wa sinia bila oveni. Weka sufuria pana kwenye jiko la makaa yenye moto mdogo, funika kwa kifuniko cha bati, palia makaa juu, na moto wa juu uwe mkali kuliko wa chini. Siku umeme unapokatika huku Pioneer ndivyo ninavyofanya, na kusema kweli mboga hizo zinashinda za oveni.

Rehani: majani tu, bila vijiti, vikombe 2 vya kushindilia. Yaoshe na uyakaushe kabisa kwa kitambaa. Tia kinuni punje 2 za kitunguu thomu na chumvi ya kubana kwa vidole, twanga mpaka ilainike. Tia korosho robo kikombe, zisizo na chumvi, twanga. Kisha majani kidogo kidogo, na hapa usigonge kama unayetwanga mpunga. Zungusha mchi ukiyasugua majani kwenye ubavu wa kinu. Mwisho jibini iliyoparwa nusu kikombe na mafuta ya zeituni nusu kikombe, ukichanganya kwa kijiko. Mashine ya kusagia itafanya kazi kwa dakika moja, lakini kisu chake hupata joto na majani huwa meusi, na mgonjwa wangu hutambua kwa kuonja tu kwamba nimepita njia ya mkato.

Makaroni yachemshwe kwa maji mengi, lita 4 au 5. Wasomaji wa bara sikilizeni: pwani maji huchemka yakifika nyuzi 100, lakini kwa urefu huu wa Eldoret huchemka yakiwa karibu nyuzi 93, na hata ungeongeza moto vipi hayapandi zaidi ya hapo. Ndiyo sababu maharage huku hukaa jikoni mpaka mtu akasahau alichokuwa akipika. Pakiti ikisema dakika 10, kwetu ni 12 au 13. Onja, yawe yameiva lakini yakiwa na ukinzani kidogo wa jino. Kabla ya kuchuja, teka kikombe kimoja cha yale maji. Usiyamwage. Wanga uliomo ndani yake ndio utakaoshikanisha mafuta na majani.

Zima moto. Rudisha makaroni sufuriani, tia rehani yako, mimina maji yale kidogo kidogo huku ukigeuza mpaka kila kipande king'ae, kisha mboga, kisha ndimu nusu. Rehani isipikwe tena motoni, itakuwa nyeusi na harufu itakwenda. Kwa mgonjwa wa sukari, geuza kipimo: mboga mara mbili ya makaroni, na sahani iwe ndogo. Hivyo ndivyo tunavyompakulia.

Nimeitaja jibini, na hapa lazima nikae kidogo kwa sababu nimeulizwa na mama zaidi ya mmoja. Maziwa hugandishwa kuwa jibini kwa kitu ambacho vitabu vyetu vya fikihi hukiita infaha, kitolewacho katika tumbo la ndama au mwanambuzi anayenyonya. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, infaha ni tohara ikiwa imetoka kwa mnyama aliyechinjwa kisharia ambaye hakula ila maziwa. Ikitoka kwa mzoga ni najisi. Imamu Abu Hanifa ana rai nyepesi zaidi, yeye huiona tohara hata hapo, na wenye rai hiyo hutaja kuwa Masahaba walikula jibini iliyotengenezwa na Majusi. Jibini maarufu ya Parma, ambayo mapishi yote ya Kitaliano huitaja, kwa kanuni zao lazima igandishwe kwa infaha ya ndama, na ndama huyo kachinjwa vipi hatujui. Anayefuata Shafi na anayetaka kujitoa katika khitilafu ataiepuka. Zipo jibini ngumu zinazogandishwa kwa chachu ya vijidudu au ya mimea. Soma karatasi ya pakiti, na isiposema, muulize anayeuza. Kenya kuna viwanda vya jibini, kimojawapo kiko hapa hapa Eldoret, kwa hiyo kuuliza hakuhitaji safari. Na asiyeipata aiache: aongeze korosho, ndimu na punje moja ya thomu iliyookwa pamoja na mboga. Tulikula hivyo miezi miwili ya mwanzo, kwa ajili ya chumvi pia, na hakuna aliyelalamika.

Likizo ilipokwisha binti akarudi Kesses, na jiko likabaki kwangu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amemwagiza mgonjwa ashike vitu vidogo kwa vidole vya kulia, jani kwa jani, punje kwa punje. Alikwisha choka kupewa mbegu za maharage azihamishe kutoka bakuli hili kwenda lile kama mtoto wa chekechea. Nikamwekea rehani. Kuchambua rehani ni kazi ya kweli. Kuna sahani inasubiri mwishoni. Siku ya kwanza alichambua majani 9 akachoka, mengine nikamalizia mimi. Nilikuwa nikiyahesabu kimyakimya, naye akanigundua, akasema, "Usinihesabie kama sadaka ya Ijumaa." Siku hizi humaliza vikombe viwili na bado hunisimamia nikitwanga. Kidole cha shahada hakijarejea sawasawa.

Yupo ndugu mmoja aliyenikuta baada ya sala akasema, "Sheikh, nasikia siku hizi darasa liko jikoni." Nikamwambia ndiyo, linaanza baada ya alasiri, na kitunguu chake aje nacho. Tulicheka. Lakini lipo jambo katika kicheko hicho ambalo si la kuchekesha. Katika vikao vya suluhu nimeketi mbele ya wanaume wanaolalamika kuwa mke tangu augue hapiki, kana kwamba ni deni amekataa kulilipa. Ndugu zangu, katika madhehebu ya Shafi mnayojinasibu nayo, kupika si wajibu wa kisharia juu ya mke. Anapopika mzima wake wote ule ni hisani, na hisani haidaiwi, seuze kwa mgonjwa. Juu ya mume kuna chakula, mavazi na makazi. Na Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na sala ikifika hutoka. Anayeona kisu cha vitunguu kinamshushia heshima ana heshima nyepesi mno. Na mama zangu, msimfiche mgonjwa kwa kuwa mnaona haya kumwomba mwanamume aingie jikoni. Mwambieni. Wengine hawajui pa kuanzia, wala hawajaambiwa.

Mume asiyejua kitu kabisa namshauri aanze na mboga za kuoka peke yake, kwa ugali au chapati. Haziharibiki kirahisi. Makaroni yafuate wiki ya pili, na kinu wiki ya tatu.

Ikibaki rehani iliyotwangwa, itie katika chupa safi, imimine mafuta juu yake mpaka isionekane, iweke kwenye friji na uimalize ndani ya siku 3 au 4. Ndani yake mna thomu mbichi, na thomu ndani ya mafuta si kitu cha kuachwa nje. Binti yangu huigandisha katika vile visanduku vya barafu ili awe akichukua kipande kimoja kimoja. Mama yake hakubali. Anasema ya barafu ina rangi bila harufu, na akisikia mlango wa friji ukifunguliwa wakati natwanga huniita kutoka ndani aniulize natafuta nini.

Wabillahi taufiki.